Namna ya kukokotoa milinganyo miwili kwa kuondoa herufi moja, bila kupigwa na mainasi

Tuanzie kwenye chapati maana ndiko nilikoielewa mimi. Siku moja tulikaa kibandani na jamaa yangu, yeye kala chapati tatu na chai vikombe viwili, mimi chapati tatu na chai kikombe kimoja, yeye kadaiwa 1,800 mimi 1,500. Hakuna aliyeuliza bei ya chai. Tunatoka pale jamaa akasema tu, kumbe chai yenyewe mia tatu. Kajuaje? Chapati zetu zilikuwa tatu kwa tatu, kwa hiyo hela aliyonizidi yote imetoka kwenye kile kikombe cha pili. Na chai ikishakuwa 300 basi chapati zangu tatu ni 1,200, moja 400. Huyu jamaa ndiye yule yule ambaye shuleni hesabu za x na y alikuwa anaziita uchawi, na alichokifanya pale njiani huku anachokonoa meno ndiyo saimalteniasi (milinganyo miwili inayokokotolewa pamoja) kwa njia ya eliminesheni (kuondoa), mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo kama we ni mwanafunzi, au mzazi unayeletewa daftari usiku na mtoto na umeshasahau kila kitu, shika hilo moja: una bili mbili, unatafuta kitu kimoja ambacho kiko sawa kwenye bili zote mbili ili kijifute, kinachobaki kinakuambia bei ya kile kingine. Yote yanayofuata huku chini ni namna ya kufanya hivyo pale ambapo bili hazijakaa vizuri kama yetu.

Kwanza, kwa nini lazima ziwe mbili

Nikikuambia namba mbili jumla yake ni 10, huwezi kunitajia ni zipi. Inaweza kuwa 6 na 4, 9 na 1, hata 12 na hasi 2. Majibu hayaishi. Nikikuongezea habari ya pili, kwamba ya kwanza inazidi ya pili kwa 4, sasa zimebaki 7 na 3 tu. Vitu viwili usivyovijua vinataka habari mbili, tena habari mbili tofauti kweli, tutaona baadaye kuna habari zinazojifanya mbili kumbe ni moja.

Sasa tuiandike ile bili kishule. x iwe bei ya chapati moja na y bei ya kikombe kimoja cha chai:

3x + 2y = 1,800 ... (1)
3x + y = 1,500 ... (2)

Hapa pana kosa dogo ambalo watoto wengi wanalibeba miaka, wanasoma 3x kama "chapati tatu". Hapana. x ni BEI ya chapati, ni namba, siyo chapati yenyewe. 3x ni hela ya chapati tatu. Ukilichukulia poa hili, kwenye mafumbo ya maneno utakuja kuandika vitu visivyoeleweka.

Toa mlinganyo wa (2) kwenye wa (1): 3x inaondoka na 3x, 2y ukitoa y inabaki y, 1,800 ukitoa 1,500 inabaki 300. y = 300. Rudisha kwenye (2): 3x + 300 = 1,500, 3x = 1,200, x = 400. Imeisha.

Sheria yangu: usitoe, jumlisha

Hapo juu nimetoa kwa sababu namba zote zilikuwa chanya na hakuna hatari. Ila kuanzia sasa sitoi tena, na nakushauri na wewe uache. Nikiwa kidato cha pili nilipewa jaribio, hesabu moja maksi kumi, nikaiandika kurasa mbili, daftari likarudi na duara jekundu kwenye mainasi moja tu na maksi mbili za huruma. Tangu siku hiyo nimekuwa naangalia wadogo zangu wanapokosea, na karibu kila mara siyo kwamba hawajaelewa njia, wanakosea pale pale, kutoa kitu ambacho chenyewe tayari kina mainasi.

Dawa yake ni hii. Badala ya kutoa mstari, geuza alama ZOTE za mstari huo, plasi iwe mainasi na mainasi iwe plasi, upande wa kushoto na wa kulia wa sawasawa, halafu jumlisha. Ni kitu kile kile, ila ubongo wa binadamu unajumlisha vizuri kuliko unavyotoa. Mwalimu wako akitaka utoe, hajakosea, we fanya ya kwako, jibu ni moja.

Na usione aibu kuteswa na namba hasi kwenye hesabu hizi, maana ni huku huku zilikoanzia. Wachina wa kale walikuwa wanakokotoa milinganyo ya namna hii kwa kupanga vijiti juu ya ubao, na kwenye kuondoa walikuwa wanakutana na namba zilizopungua chini ya sifuri. Liu Hui, mwanahisabati aliyeandika maelezo yake mwaka 263, ameeleza kwamba vijiti vyekundu ni vya namba chanya na vyeusi ni vya hasi. Matumizi ya zamani kabisa ya namba hasi yanayojulikana yako kwenye hesabu hizo. Yaani mainasi imeingia duniani kupitia mlango huu, na bado inatusumbua hapo hapo mlangoni.

Zikija na alama tofauti, shukuru Mungu

4x + 3y = 18 ... (1)
5x − 3y = 9 ... (2)

Angalia y. Moja plasi 3 nyingine mainasi 3. Hizi hazihitaji kufanywa chochote, jumlisha tu wima: 9x = 27, x = 3. Rudisha kwenye (1): 12 + 3y = 18, y = 2. Cheki kwenye (2): 15 − 6 = 9, sawa.

Ona nimerudishia kwenye mmoja nikachekia kwenye MWINGINE. Ukichekia kwenye ule ule uliotumia kurudishia unajidanganya, utakubali tu hata kama x uliikosea, kwa sababu y umeitengeneza ili ikubaliane nao.

Kuzidisha mlinganyo mmoja

Mara nyingi hakuna herufi yenye namba zinazolingana, inabidi uzilinganishe mwenyewe. Tuseme sokoni umenunua kilo 2 za nyanya na kilo 1 ya vitunguu kwa 6,500, jirani yako kanunua kilo 3 za nyanya na kilo 4 za vitunguu kwa 16,000, muuzaji mmoja, bei moja.

2x + y = 6,500 ... (1)
3x + 4y = 16,000 ... (2)

Wewe una kilo 1 ya vitunguu jirani ana 4. Ungenunua mara nne ya ulivyonunua ungekuwa na vitunguu sawa na vyake, na hela ungelipa mara nne. Hiyo ndiyo ruhusa yetu ya kuzidisha mlinganyo, ukila mara nne unalipa mara nne, ila ni LAZIMA kila kitu kizidishwe, pamoja na ile namba ya upande wa kulia ambayo watu wanaiacha imekaa peke yake kama yatima. Na kwa kuwa nataka kujumlisha, nazidisha kwa hasi 4 moja kwa moja:

−8x − 4y = −26,000
3x + 4y = 16,000

Jumlisha: −5x = −10,000, kwa hiyo x = 2,000. Hasi ukigawanya kwa hasi inakuja chanya. Rudi kwenye (1): 4,000 + y = 6,500, vitunguu 2,500. Cheki kwa jirani: 6,000 + 10,000 = 16,000. Safi.

Kuzidisha yote miwili, hapa ndipo penyewe

4x + 3y = −1 ... (1)
6x − 5y = 27 ... (2)

Hapa wengi wanakaa wanaangalia tu hawajui waanzie wapi. Jiulize maswali mawili kabla hujaandika. Je, kuna herufi yenye alama tofauti, moja plasi moja mainasi? Ipo, y. Je, kuna herufi ambayo namba zake ni ndogo au moja inaingia kwenye nyingine? 4 na 6 haziingiani, 3 na 5 haziingiani. Basi alama zinaamua, tunaondoa y.

Tafuta KDS ya 3 na 5, ile kigawe kidogo cha shirika ya shule ya msingi uliyodhani hutaitumia tena, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili. Ni 15. Kwa hiyo mlinganyo wa (1) zidisha kwa 5 na wa (2) kwa 3:

20x + 15y = −5
18x − 15y = 81

Jumlisha: 38x = 76, x = 2. Rudisha kwenye (1): 8 + 3y = −1, 3y = −9, y = −3. Cheki kwenye (2): 12 − 5(−3) = 12 + 15 = 27. Imekaa.

Sasa twende kwa njia ya shida, tuondoe x, ili uone mtego unavyotegwa. KDS ya 4 na 6 ni 12, wa (1) mara 3, wa (2) mara 2:

12x + 9y = −3
12x − 10y = 54

Anayetoa anaanza vizuri, 12x na 12x zimeisha. Halafu 9y ukitoa hasi 10y... na hapa mkono unaandika 9y − 10y = −y wenyewe bila kuuliza kichwa. Kulia anapata −57, anamaliza na y = 57, anashangaa, muda umeisha, anaacha hivyo hivyo. Ilitakiwa 9y − (−10y), ambayo ni 9y + 10y = 19y. Ukifuata sheria yangu, wa (2) ungezidisha kwa hasi 2 tangu mwanzo:

12x + 9y = −3
−12x + 10y = −54

Jumlisha, 19y = −57, y = −3. Hakuna mabano, hakuna mainasi mbili zinazogongana. Njia zote mbili zimefika pale pale, ambayo ni namna nyingine nzuri ya kujihakiki kama una muda.

Kidogo kuhusu kuandika. Kila mstari upe namba yake, na pembeni andika ulichofanya, mfano "(1) × 5". Anayesahihisha akiona umezidisha sawa ukakosea kujumlisha ana sababu ya kukupa maksi za njia, ila akikuta namba zimetoka hewani hana cha kukusaidia. Na x ikae chini ya x, y chini ya y, sawasawa chini ya sawasawa. Wanaobana karatasi ndio wanaojumlisha x na y bila kujua.

Zikija zimevurugwa

Watunga mitihani wanapenda kukuletea vitu havijapangwa:

2x = 11 − 3y
5y − x = 1

Usianze kuzidisha. Kwanza panga, herufi zote kushoto kwa mpangilio mmoja, namba tupu kulia. Kinachovuka sawasawa kinabadilisha alama, kisichovuka kinabaki na yake. Inakuwa:

2x + 3y = 11 ... (1)
−x + 5y = 1 ... (2)

Wa (2) mara 2: −2x + 10y = 2. Jumlisha na (1): 13y = 13, y = 1, na x = 4. Cheki kwenye (2) ukishamaliza.

Zikija na sehemu usiogope, kila mlinganyo uuzidishe kwa KDS ya namba za chini ili sehemu zife zote kabla hujaanza:

x/2 + y/3 = 4 ... (1)
x/4 − y/3 = −1 ... (2)

Wa (1) mara 6 unakuwa 3x + 2y = 24. Wa (2) mara 12 unakuwa 3x − 4y = −12. Geuza alama zote za wa pili, −3x + 4y = 12, jumlisha: 6y = 36, y = 6, 3x = 24 − 12, x = 4. Lakini mtu mwenye jicho kali angeona tangu mwanzo kwamba y/3 na −y/3 zinafutana, akajumlisha hivyo hivyo na sehemu zake, 3x/4 = 3, x = 4, akaenda zake. Kuangalia kwa sekunde kumi kabla ya kuandika kunaokoa nusu ukurasa.

Zote zikipotea

Kuna siku utaondoa x na y nayo itaondoka pamoja nayo. Usidhani umeharibu. Chukua 2x + 3y = 7 na 4x + 6y = 14. Zidisha wa kwanza kwa hasi 2 ujumlishe, unapata 0 = 0. Maana yake bili ya pili ni ile ya kwanza imerudiwa mara mbili, mtu kakupa habari moja akajifanya kakupa mbili. Majibu hayana idadi, kila jozi inayotosha mlinganyo wa kwanza inatosha na wa pili.

Badilisha 14 iwe 15 urudie, sasa unapata 0 = 1. Uongo mtupu. Vitu vile vile mara mbili lakini hela imezidi kwa shilingi moja, hakuna bei duniani inayoweza kufanya hivyo, kwa hiyo hakuna jibu. Ukizichora kwenye grafu ile ya kwanza ni mstari mmoja umechorwa juu ya mwingine, hii ya pili ni mistari miwili inayokwenda sambamba kama reli, haikutani. Kama unataka kujua mapema kabla hujajichosha, zidisha mshazari namba za herufi: 2 × 6 = 12 na 3 × 4 = 12, zikilingana ujue uko kwenye mojawapo ya hali hizi mbili, zisipolingana jibu lipo na ni moja tu.

Mafumbo ya maneno

Konda wa daladala kahesabu abiria 30, wakubwa wanalipa 600 madenti 200, mkononi ana 14,000. Madenti walikuwa wangapi?

Andika kwanza herufi inasimama badala ya nini, kwa maneno kamili: x ni idadi ya wakubwa, y ni idadi ya madenti. Safari hii herufi ni idadi, bei tunazijua. Halafu tafuta habari mbili, karibu kila mara moja ni ya kuhesabu vichwa na nyingine ni ya hela, au uzito, au miguu.

x + y = 30 ... (1)
600x + 200y = 14,000 ... (2)

Kabla ya lolote punguza hayo masifuri, gawa wa (2) wote kwa 200: 3x + y = 70. Geuza wa (1), −x − y = −30, jumlisha: 2x = 40, wakubwa 20, madenti 10. Na hapa cheki kwenye hadithi yenyewe, siyo kwenye mlinganyo, kwa sababu inawezekana mlinganyo ndio uliuandika vibaya: 20 mara 600 ni 12,000, 10 mara 200 ni 2,000, jumla 14,000. Konda hajaibiwa. Na ukipata madenti 7 na nusu, au hasi 4, usiandike jibu, rudi juu.

Kitu kimoja nje kidogo ya mada, kama mlinganyo mmoja umekuja tayari y = 2x + 1, kuondoa ni kujisumbua, chomeka hiyo 2x + 1 mahali pa y kwenye mwingine na umalize. Kuondoa kunanoga pale ambapo hakuna herufi iliyosimama peke yake.

Jipime

Chukua karatasi, funika majibu, usitumie simu.

a) x + y = 12 na x − y = 4
b) 3x + 4y = 10 na 5x − 2y = 8
c) 7x − 3y = 1 na 2x + 5y = 12
d) Bandani kuna kuku na mbuzi, vichwa 35, miguu 94. Wako wangapi kila aina? Namba hizi siyo zangu, Wachina waliuliza swali la vichwa 35 na miguu 94 zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, ila wao walikuwa na sungura mahali pa mbuzi.

Majibu: a) 8 na 4. b) x = 2, y = 1, ukiwa umezidisha wa pili kwa 2, alama zenyewe zimeshakupangia. c) x = 1, y = 2, na njiani ulikutana na 41x = 41, kama hukukutana nayo na bado umepata jibu basi uliondoa x, umechagua njia ndefu lakini sawa. d) kuku 23, mbuzi 12. Kwenye hii ya d kuna mzee mmoja aliniambia yeye haandiki hata mstari, anawaamuru wote wanyanyue miguu miwili juu, 35 mara 2 ni 70, iliyobaki chini 24 ni ya mbuzi peke yao, miwili miwili. Nikamwambia mzee wangu, hapo umezidisha mlinganyo wa vichwa kwa hasi 2 ukajumlisha. Akasema yeye hajafanya hivyo, kanyanyua miguu tu.